KIFUNGO KIKIPOTEA, NANI ALIPE?

Ndugu wanachama, neno langu leo ni juu ya vifungo vya nguo. Najua wako watakaosoma kichwa cha habari hii na kusema: mshahara hautoshi, nyumba zavuja, bei ya unga yapanda, na huyu ndugu ametuletea vifungo! Nawaomba wavumilie kidogo, wasome mpaka mwisho, halafu wanihukumu. Mimi nasema jambo la kifungo ni jambo la mshahara, na la afya, na la sheria. Tena ni jambo ambalo chama chaweza kulimaliza mwaka huu, wala halihitaji mgomo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana lina mambo ndani yake. Katika shule ya misheni niliyosoma, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba kitendo ni kufunga, na kitu cha kufungia ni kifungo. Hapo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akauliza: Mwalimu, na kifungo cha jela je? Mwalimu akajibu kwamba ni neno lile lile. Kifungo cha shati hufunga nguo, kifungo cha jela hufunga mtu. Mwenye kufungwa ni mfungwa, kujizuia kula ni mfungo, na kitu cha kufungulia mlango ni ufunguo. Neno moja limezaa watoto wengi. Wako watu wanaosema kishikizo kwa kile cha nguo, na hao hawachanganyi shati na jela. Kile cha kubonyeza, kama cha redio au cha kengele, chaitwa kitufe. Waingereza wana neno moja kwa kile cha nguo na kile cha kubonyeza, lakini kwao hakuna jela ndani ya shati.

Liko na neno la tatu, ambalo si ndugu wa haya ila ni jirani wa karibu sana: kifungu. Hilo hutoka katika fungu, yaani sehemu, na ndilo tunalotumia kwa sehemu za sheria. Herufi moja tu ya mwisho yatenganisha kifungo na kifungu, na mara nyingi katika maisha ya mfanya kazi herufi hiyo moja imekuwa na maana kubwa. Nitaonyesha.

Sasa tuje kwenye makoti yetu. Nguo nyingi za kazi za siku hizi hushonwa kwa mashine, na kifungo hutiwa kwa mashine ya namna yake, ambayo mara nyingi hupiga uzi mmoja tu. Uzi ule hujipinda kama mnyororo, pete ndani ya pete, na mwisho wake haukupigwa fundo. Ukiikuta ncha yake na kuivuta, mnyororo wote huachia, nacho kifungo chaanguka mkononi mwako. Jaribu nyumbani kwa shati jipya, lakini usimwambie mama watoto kwamba ni mimi niliyekufundisha. Fundi wa barazani mwenye cherehani ya miguu hufanya vingine. Hupitisha uzi wa mara mbili katika matundu yote manne, huuzungusha chini ya kifungo mara tatu au nne ili kipate shingo, kisha hupiga fundo upande wa ndani. Kitambaa kikiwa kizito hutia kifungo kingine kidogo upande wa ndani, ili uzi usikate nguo. Kazi hii haimalizi dakika tano. Koti lililoshonwa hivyo, vifungo vyake hufa pamoja na koti.

Na kifungo chenyewe ni kitu gani? Zamani kilikuwa cha mfupa, au pembe, au kombe la baharini, au shaba. Siku hizi vingi ni vya plastiki, na sehemu kubwa ya vifungo vya dunia hutoka China. Uko mji mmoja uitwao Qiaotou, katika mkoa wa Zhejiang, ambao uliinuka kwa biashara hii katika miaka ya 1980 na kupata sifa ulimwenguni kwa vifungo peke yake. Huuzwa kwa grosi, na grosi moja ni dazeni 12, yaani vifungo 144. Si kitu ghali. Hata sisi wenyewe tunayo mali ya kuvitengenezea. Kule Turkana, kando ya mito Turkwel na Kerio, humea mkoma, ambao wengine huuita mkoche. Kokwa ya tunda lake ni ngumu na nyeupe kama pembe ya ndovu, na katika karne iliyopita Eritrea na Sudan zilipeleka Ulaya kokwa za jamii hiyo zikachongwe vifungo. Sisi huyafuma majani yake vikapu, na kokwa twaitupa. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Ninalotaka kusema ni kwamba kitu kidogo hivi, kikikosekana mahali pake, chaweza kuua mtu. Mfikirini shunta. Huingia kati ya behewa na behewa kuunganisha mipira ya breki, usiku, taa moja mkononi, mawe yateleza chini ya viatu. Koti lililo wazi hushika kila kitu: mkono wa breki, ndoano, ngazi ya behewa. Behewa likianza kusogea na nguo imeshikwa, mtu hafuati akili yake tena, hufuata koti lake. Katika karakana ni vivyo hivyo. Mashine ya kukereza vyuma haijui tofauti ya kitambaa na mkono. Ndiyo sababu nguo nzuri za karakana zina vifungo vilivyofichwa chini ya ukanda wa kitambaa, visishike popote. Na ile fulana ya manjano yenye kung'aa hufungwa kwa utepe wa kunata ili ikishikwa iachie yenyewe. Mchomeleaji hataki kifungo cha plastiki karibu na cheche, maana huyeyuka. Fundi wa umeme hataki cha chuma. Watu waliofikiri vizuri walikwisha kuyapanga haya zamani. Anayeagiza makoti kwa kutazama bei peke yake hayajui, au ayajua na kunyamaza.

Tena iko baridi. Wageni hudhani Kenya ni jua tupu. Nakuru peke yake ni karibu futi 6,000 juu ya bahari, na njia ya kwenda Eldoret yapanda mpaka Timboroa, zaidi ya futi 9,000. Mtu wa genge akiwa huko mwezi wa Julai, saa tisa ya usiku, akingoja treni ya mizigo ipite apate kurudi kwenye kazi, upepo huingia pale kifungo kilipotoka kama mgeni anayeijua nyumba. Kesho yake akohoa. Kesho kutwa yuko kwa daktari, na siku hizo za ugonjwa hakuna anayeziandika kwamba zimeletwa na kifungo. Nimeona wenzetu wakifunga koti kwa pini, kwa waya wa kufungia mabunda, hata kwa kamba ya katani. Waya ukichoka hukatika, na ncha yake yaelekea kifuani kwa mwenyewe.

Kuna na habari ya akina mama na dada zetu walio katika kazi hii. Hao hupewa ovaroli zilizokatwa kwa mwili wa mwanamume. Mabegani ni pana, kiunoni ni mfuko, na kifuani vifungo vimeachana sana hata kati ya kimoja na kingine pabaki dirisha. Dada mmoja alinieleza kwamba hutia vifungo viwili zaidi kwa pesa zake kila apewapo ovaroli mpya, ndipo aweze kuinama mbele ya wanaume bila kushika nguo kwa mkono mmoja. Mkono ule mmoja ungetakiwa uwe kwenye kazi. Sisi wanaume twacheka habari kama hizi kwa sababu hazitupati. Naona ni aibu kwetu kwamba hazijaletwa mkutanoni hata mara moja.

Basi, nani alipe?

Kabla ya kuandikwa kazi niliyo nayo sasa nilikuwa kibarua wa kandarasi mmoja, ambaye sitamtaja, aliyekuwa akibadilisha mataruma. Siku ya kwanza tulipewa makoti mapya, tukafurahi sana. Mwisho wa mwezi wa pili mnyapara akatupanga mstari na kuhesabu vifungo vifuani mwetu kama mtu anayehesabu kuku jioni. Kila kifungo kilichokosekana kiliandikwa shilingi 50. Mimi nilikuwa nimekosa vitatu, na siku ya mshahara nikakatwa shilingi 150. Fundi wa mtaani angevishona vyote vitatu kwa shilingi 30 na maamkizi juu yake. Lakini ubaya wenyewe ulikuja baadaye. Baada ya kukatwa hatukupewa vifungo vingine. Mwezi wa tatu mnyapara akaja tena na daftari lake, akahesabu matundu yale yale, tukakatwa tena. Tukawa twalipa kodi ya tundu. Wengine waliuliza, wakaambiwa kwamba asiyetaka kazi aache koti mlangoni.

Wakati ule hatukuwa na chama, wala hapakuwa na mtu wa kutusomea sheria. Sasa tunacho chama, na sheria twaweza kuisoma wenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata mshahara, kwa kiasi cha haki, kwa ajili ya mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu! Kifungo kilichotiwa kwa uzi mmoja, kikaanguka katika kokoto za reli mtu akiinua taruma, makusudi yake yako wapi? Kifungu hicho hicho chasema makato yote yakijumlishwa yasipite thuluthi mbili za mshahara. Na iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ni ya 2007. Kifungu cha 101 chamwagiza mwajiri awape wafanya kazi walio katika unyevu au vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga yanayofaa, tena ayatunze. Neno hilo la pili ndilo tulitazame. Haikusema atoe tu. Imesema atoe na kutunza. Koti lisilo na kifungo ni koti lisilotunzwa. Upande wetu sheria hiyo hiyo yatulazimu kuyavaa mavazi tunayopewa, kwa hiyo mtu anayetundika koti msumarini na kufanya kazi kwa fulana asije akalia kwa chama.

Sitaki kuwadanganya. Wakili wa mwajiri aweza kusema kwamba koti la baridi si vazi la kujikinga, na kwamba upepo wa Timboroa si kitu cha kudhuru katika maana ya sheria. Aweza hata kushinda. Ndiyo sababu nasema jambo hili liandikwe katika mapatano yetu ya pamoja na mwajiri. Mapatano yakisha kusajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yashika pande zote mbili, na hapo hatutabishana tena juu ya maana ya upepo.

Wanachama vijana wayapime haya kwa yaliyokuwako zamani, maana wengi wadhani kifungu cha sheria kilikuwa rafiki wa mfanya kazi tangu mwanzo. Sivyo. Sheria ya Mabwana na Watumishi ilitungwa mwaka 1906 na kuandikwa upya 1910. Kwa sheria hiyo mtu aliyeacha kazi kabla ya muda wake, au aliyezembea, hakuwa na ugomvi wa kawaida na mwajiri wake. Alikuwa mkosaji wa jinai, na aliweza kutozwa faini au kutiwa jela. Hapo kifungu kilizaa kifungo. Ikaja sheria ya kipande ya 1915, ambayo ilianza kutumika kwa nguvu karibu na mwaka 1920. Mwanamume Mwafrika alichukua karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wako wazee waliovaa kikasha kile kifuani kabla ya kuvaa shati lenye kifungo. Askari akimkuta mtu hana kipande, au kipande hakikutiwa sahihi na bwana wa kazi ya nyuma, safari yake iliishia kituoni.

Katika miaka hiyo reli yetu ilikwisha kuwako. Ilifika hapa Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901. Tangu 1948 ilikuwa East African Railways and Harbours, na vifungo vya makoti ya shirika lile vilikuwa vya madini yenye kung'aa, vimepigwa chapa yake. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye baba yake alikuwa gadi, anavyo vinne ndani ya mkebe wa majani ya chai. Husema baba yake alivisugua kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na mtaani watoto walimjua kwa vifungo kabla ya kuiona sura yake. Ni vitu vizuri, sikatai. Lakini kifungo kile kilisema pia mtu ni wa nani. Kilitoka kwa mwajiri, na kilikuwa na jina la mwajiri. Kwa hiyo hata mabwana wa wakati ule walijua kifungo ni cha nani. Leo chapa imefutika, na kwa kufutika kwake wengine wataka kusema kifungo ni chako wewe, ukakinunue.

Na wale waliosimama kuubadili ule mpango, wengi wao walionja kifungo cha pili. Chege Kibachia aliongoza chama cha wafanya kazi wa Mombasa baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, ambao watu wa reli walikuwamo pamoja na watu wa bandari. Agosti mwaka huo alikamatwa na kuhamishiwa Kabarnet, huku kwetu Baringo. Makhan Singh, ambaye pamoja na Fred Kubai alianzisha muungano wa vyama vya wafanya kazi tarehe 1 Mei 1949, alishikwa Mei 1950 na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kubai alihukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta na wenzao mwezi wa Aprili 1953, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Achieng Oneko alihukumiwa siku ile ile. Rufani yake ikakubaliwa mwaka 1954, lakini mlango wa jela ulipofunguka alikamatwa tena akawekwa kizuizini. Hapo muone tofauti ya maneno. Kifungo kina hesabu, miaka saba ni miaka saba, na mtu aweza kuchora mistari ukutani. Kizuizi hakina hesabu, na Makhan Singh alikaa miaka zaidi ya kumi na moja bila hakimu kumpa hata mwaka mmoja. Mwaka 1963 watu wa Nakuru walichagua wabunge, wakamchagua Oneko kwa mji na Kubai kwa Nakuru Mashariki. Wawili waliotoka kifungoni wakaenda kutunga vifungu. Oneko alitiwa kizuizini tena tangu 1969 mpaka 1975, na safari hiyo waliomtia hawakuwa Waingereza.

Kwa hiyo ndugu mmoja akiniambia kwamba kufungua kitabu cha sheria kwa ajili ya kifungo cha koti ni kujishusha, mimi siwezi kukubali. Kitabu hicho hakikuandikwa bure.

Ndugu wengine wana hoja iliyo bora zaidi. Wasema: tukienda mezani na mambo madogo mengi, mwajiri atatupa hayo madogo na kutunyima nyongeza ya mshahara, kisha atapiga picha akicheka. Hoja hii nimeifikiri sana. Ni kweli kwamba mwajiri hodari hutoa peremende ili asitoe mkate. Lakini tazameni hesabu. Mtu akinunua vifungo, na uzi, na kumlipa fundi, na mara mbili kwa mwaka anunue koti la mitumba kwa sababu lile la kazi halifungiki, pesa hiyo yote imetoka katika mshahara ule ule tunaoutaka uongezwe. Nyongeza isiyozibwa matundu huvuja. Tena madai ya mshahara hujibiwa kwamba shirika halina fedha, na hatuna njia ya kuingia katika hesabu zao usiku tukaone. Madai ya vifungo hayawezi kujibiwa hivyo. Hakuna meneja atakayesimama mbele ya watu na kusema kwamba hana fedha ya uzi. Tumeambiwa mara nyingi tufunge mikanda, nasi tumeifunga. Sasa tunaomba kitu cha kufungia koti.

Maoni yangu ni haya. Katika mapatano yajayo iandikwe kwamba nguo za kazi ni mali ya mwajiri na matengenezo yake ni juu ya mwajiri, na kwamba kifungo kilichotoka kwa kazi hakikatwi mshahara. Kila koti litolewe pamoja na vifungo vya akiba, vimeshonwa upande wa ndani, kama tunavyoona katika mashati mazuri ya dukani. Kila kituo kikubwa kiwe na siku moja katika mwezi ya fundi wa kushona, alipwe na mwajiri. Mafundi wa Nakuru ni wengi na kazi wanaijua, hakuna haja ya kuleta mtu kutoka mbali. Sampuli ya koti ionyeshwe wawakilishi wa wafanya kazi kabla ya kuagizwa, shunta aone kama vifungo vimefichwa, mchomeleaji aone ni vya kitu gani. Na akina mama wapimwe kwa miili yao wenyewe. Mimi ningependa hili la mwisho liwe la kwanza, lakini najua mkutano ulivyo.

Neno moja zaidi juu ya makosa. Mtu akiitwa ofisini kwa sababu ya sare isiyo kamili, na ofisi yataka kumwachisha kazi, asiende peke yake. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira chasema kabla ya mtu kuachishwa kwa makosa ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na asikizwe, akiwa pamoja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Nimesikia watu wakitia sahihi karatasi mlangoni, wamesimama, kofia mkononi. Wasifanye hivyo. Waombe siku, wamwite mwakilishi, waketi.

Mambo haya hayatakwenda mbele kwa maneno matupu, maana mwajiri atauliza tuna ushahidi gani. Basi kila genge na kila zamu iandike karatasi moja: makoti mangapi yametolewa, tarehe gani, yalikuwa na vifungo vingapi, leo vimebaki vingapi, na nani amekatwa pesa, kiasi gani, mwezi gani. Aliye na hati ya mshahara yenye makato hayo ailete, twaitoa nakala na kumrudishia yake. Karatasi zipewe mwakilishi wa idara kabla ya mkutano wa tawi. Watu wa Timboroa na Mau Summit waweza kuzitia mkononi mwa gadi wa treni ya kushuka. Akina dada wanaotaka kuandika bila kutaja majina waandike tu idara na kipimo cha ovaroli waliyopewa.

Mfanya kazi wa njia,
Tawi la Nakuru.